Muulize Bi Mwalimu: Bahari ya Wajukuu

Barua za mwezi huu nyingi zina chumvi ya bahari, na sababu naijua: kusi limevuma kwa nguvu, vyombo viko pwani, na wavuvi wana wakati wa kuandika. Majina yenu nimeyafunika kama kawaida. Anayeniandikia mara ya kwanza ajue kwamba nilifundisha jiografia hapa Mombasa mpaka nikastaafu, naishi Mji wa Kale nilikozaliwa, na sipendi kujibu kwa mafumbo.

Shikamoo Bi Mwalimu. Ni kijana wa Mishomoroni, mvuvi mtoto wa mvuvi. Kila tukikaa barazani baba huanza: zamani tafi walikuwa hivi, changu walikuwa hivi, ukitoka alfajiri saa nne umerudi na dau limejaa. Mimi sijaona hata nusu ya hayo. Nauliza mawili. Wazee wanatia chumvi? Na mwanangu wa miaka saba nimfundishe bahari, au nimpeleke akasomee udereva wa trela?

Marahaba, mwanangu. Kwenye urefu wa samaki baba yako huenda anatia chumvi, maana sijakutana na mvuvi asiyefanya hivyo, na marehemu mume wangu alikuwa kinara wao. Kwenye hoja yenyewe yuko sawa.

Ulipoanza kuvua, ulichokikuta ndicho ulichokiita bahari. Baba yako alikuta nyingine, na babu yako nyingine kabla yake. Mwanao atakuta ya kwake na ataiona ndiyo kawaida. Hivyo hasara inagawanyika kwa vizazi, kila kizazi kikiona kipande chake tu na kusema, "Mbona si vibaya sana?" Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, aliliandikia jambo hili mwaka 1995. Alisema hata wanasayansi wenyewe hupima upungufu kwa kuanzia siku walipoingia kazini, na yaliyotoweka kabla yao hayamo kwenye hesabu. Kwa hiyo wewe unayemsikiliza mzee wako barazani unafanya utafiti ambao wengi hawaufanyi.

Sasa, bahari ilipatwa na nini? Kipigo kimoja kilitoka mbali. Mwaka 1998 maji ya Bahari Hindi yalipata joto la El Niño. Tumbawe, usilione gumu, ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani ndio unaomlisha na ndio unaompa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa digrii moja au mbili, wiki kadhaa mfululizo, mnyama huutoa mwani wake, hubaki mweupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka ule sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikufa. Yakaanza kurudi taratibu, yakapauka tena 2016, yakapauka tena 2024. Mwamba unataka miaka ya kupumzika baina ya kipigo na kipigo, na miaka hiyo inapungua. Huo moshi unaopasha bahari joto sehemu ndogo mno imetoka Mombasa, lakini matumbawe hayaulizi moshi umetoka wapi.

Kipigo cha pili ni mikono yetu wenyewe, na hapa usimtazame Mzungu. Juya la kukokota limepigwa marufuku na bado linakokotwa; unajua nani na unajua saa ngapi. Linabeba wadogo kwa wakubwa na kuvunja vijiti vya matumbawe njiani. Kisha kuna mambo ambayo mvuvi haoni akiwa juu ya maji. Kikande tunamvua, tunamkaanga. Yeye ndiye aliyekuwa akiwala wale viumbe weusi wa miiba wanaowachoma watoto miguu. Kikande akipungua, wenye miiba wanazidi, na kazi yao mchana kutwa ni kukwangua mwamba. Mwamba unaliwa kutoka chini, samaki wanakosa mahali pa kujificha, na wewe unarudi na kilo mbili.

Lakini sikuandikii ili uuze mtumbwi. Kule Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi walikubaliana katikati ya miaka ya 2000 kufunga kipande cha bahari yao kisivuliwe kabisa. Wenyewe wanakiita tengefu. Hapakosi waliolalamika, na mimi ningelalamika: umwambie mtu mwenye njaa asiguse samaki aliye mbele ya macho yake? Samaki wakazaliana ndani, waliozidi wakavuka mpaka, na nje ya mpaka mvuvi anangoja. Mwaka 2017 kikundi chao kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sisi wa Mombasa tuna hifadhi ya bahari tangu 1986, mbele ya Nyali na Bamburi, na ukizamia ndani ya hifadhi kisha ukazamia nje yake hutahitaji mimi nikueleze tofauti.

Huku Mji wa Kale tunazijua nyumba za wakfu. Kodi yake inalipia taa za msikiti na maji ya kisima, mwaka baada ya mwaka, lakini nyumba yenyewe haiuzwi, wala msimamizi hana ruhusa ya kung'oa boriti akauza. Samaki ndio kodi, mwamba ndio nyumba. Kodi tumeila, na ilipopungua tukaanza boriti.

Kwa hiyo mfundishe mwanao bahari, na shule umpeleke pia, trela halimkimbii. Ila kwanza nunua daftari. Kaa na baba yako uandike: jina la kila mwamba aliokuwa akivua, kina chake, mtego gani, samaki gani, msimu gani, alikaa saa ngapi majini. Majina ya miamba hasa, kwa sababu mengi yamo vichwani mwa wazee tu. Nakala moja ipeleke BMU ya diko lenu, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, nyingine kwa KMFRI pale Mkomani, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki. Siku mtakapokaa kuamua kipande gani mkifunge, mtakuwa na cha kulinganisha zaidi ya kumbukumbu ya miaka yako kumi.

Bi Mwalimu, nakaa Mikindani, nyumba ya mwisho kabla ya mikoko. Kila kukicha kuna anayekata: wa kuni, wa mkaa, na wa chang'aa ndio hodari zaidi. Juzi kikundi kikaja na fulana mpya na wapiga picha, wakapanda miche mingi sana kwenye tope. Sasa vimebaki vijiti. Kupanda ni kupoteza wakati?

Dada yangu, fulana mpya ndiyo dalili ya kwanza ya mche utakaokufa. Nasema kwa uchungu, maana wanafunzi wangu wenyewe wamepelekwa mara nyingi kwenye picha za aina hiyo.

Pwani ya Kenya ina aina tisa za mikoko na kila moja ina mahali pake kulingana na maji. Kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa, miguu majini. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kuning'inia. Halafu mkandaa, na mchu huko juu ambako maji hufika kwa bamvu tu, yaani bahari ijaapo kupita kiasi cha kila siku. Wenye haraka hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ndefu inaokotwa na kudungwa, na mia moja unamaliza kabla ya soda kupoa. Ukiudunga mahali pa mlilana, mawimbi yanaung'oa. Ukiudunga mahali pa mchu, jua na chumvi vinaumaliza. Waulizeni kwanza waliokuwa wakikata boriti zamani kwa leseni: wao wanajua mti gani ulisimama wapi. Na kuna sehemu ambazo hazihitaji kupandwa kabisa. Zuieni shoka, zibueni njia ya maji, mbegu zitakuja zenyewe na kupwa na kujaa.

Mkono wa bahari wa Tudor, huo ulio mbele yenu, una mizigo mingine. Maji machafu ya mitaa yetu yanaingia humo mchana na usiku. Na upande wa Makupa, mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka zikamwagika tani zipatazo 5,000, mikoko ikafa. Mafuta yakizama kwenye tope lisilopata hewa hukaa miaka mingi. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao.

Kwa nini ushughulike? Samaki na kamba wanakulia kwenye mizizi hiyo kabla ya kutoka kwenda mwambani, hilo unalijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba utajiri mkubwa wa kaboni ya mkoko umo kwenye tope chini yake. Tope halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi na kaboni inabaki chini karne kwa karne. Ukikata na kufukua, inapanda hewani na kuzidisha joto, kama ule moshi niliomtajia mvuvi. Watu wa Gazi, Kaunti ya Kwale, waliligeuza jambo hili kuwa fedha. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, tangu 2013, unalinda hekta 117 na kuuza haki ya kaboni, yaani kulipwa na wanaotoa moshi kwingine ili kaboni hii ibaki chini, na mapato yanaingia kwenye maji ya kijiji na shule.

Mpishi wa chang'aa sitakudanganya kwamba atasikia habari za kaboni. Yeye anataka kuni za bure na mahali polisi hawafiki. Nendeni kwa chifu mkiwa wanawake kumi, usiende peke yako, na mkitoka hapo mwende kwa idara ya misitu. Mkoko ni msitu wa serikali kisheria, na kuukata bila kibali ni kosa.

Mwalimu, mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Kila somo la mazingira tunaambiwa dunia imeharibika na sisi ndio tutakaoteseka. Nauliza tu: kuna kitu kilichowahi kuharibika kikarudi?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, na jibu lake liko safari ya matatu moja kutoka kwenu.

Panda gari la Bamburi, shuka Haller Park. Pale palichimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji tangu miaka ya 1950. Walipomaliza kuchimba ilibaki sakafu ya jiwe tupu: jua kali, maji ya chumvi chini, udongo hakuna hata wa kujaza kikombe. Mwaka 1971 bwana shamba wa kampuni, Mswisi René Haller, alianza kujaribu miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu, na mmoja ndio uliobeba kazi yote: mvinje, huu huu unaouona ufukweni ukivuma upepo. Mizizi ya mvinje inaishi na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani, ndiyo maana unaweza kukua mahali ambapo mwembe ungelia.

Miti ikamea. Kukatokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Majani yake membamba yalianguka, yakalala juu ya jiwe, hayaozi. Yana uchachu ambao wadudu wengi hawauwezi, na bila kuoza hakuna udongo. Mkombozi akawa jongoo. Haller aliona jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu akitafuna majani ya mvinje bila shida, akawakusanya kwa mamia akawatia shimoni. Jongoo anakula, mavi yake yanakuwa mboji, mboji inashika maji, mbegu nyingine zinashika. Sisi watu wa Pwani jongoo tulikuwa tukimtaja kwenye ule msemo wa mtungi tu, ambao sitaumalizia mbele ya mtoto wa kidato cha tatu. Leo shimo lile ni msitu, lina mabwawa ya samaki, lina twiga.

Niliwapeleka wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka walitaka twiga na kiboko. Mimi nilikuwa nawainamisha wafukue majani kwa vidole mpaka waguse jiwe, waone unene wa udongo ambao haukuwapo mama zao walipokuwa wadogo. Walilalamika kucha zinachafuka.

Usinielewe vibaya. Msitu ule hauko kama ulivyokuwa kabla ya kuchimbwa, hilo halirudi. Na ulihitaji mtu aliyelipwa mshahara kuukodolea macho miaka mingi. Mwamba wa matumbawe uliopondwa haurudi kwa jongoo. Lakini mfano mwingine upo na ni wa juzi. Tuta la Makupa liliwekwa na Mwingereza, likayazuia maji ya upande wa Tudor yasionane na ya upande wa Port Reitz. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja mahali pake na maji yakaanza kupita. Na jalala la Kibarani pale pale kando, ambalo mwalimu wako alilipita akiwa ameziba pua, limefungwa. Mwambie akutolee mifano hii pia kwenye mtihani.

Bi Mwalimu, nimepata ploti mstari wa kwanza, ufukwe wa kaskazini, bei nzuri ajabu. Nataka kuwaachia watoto. Unasemaje?

Bei nzuri ajabu ina sababu yake, ndugu yangu.

Jopo la wanasayansi wa hali ya hewa la Umoja wa Mataifa lilisema 2021 kwamba usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 tangu 1901, na kasi inazidi. Kufika 2100 wanakadiria baina ya sentimita 28 na mita moja hivi, kulingana na moshi tutakaotoa. Kwa mtu wa Mombasa, ambaye bamvu kubwa hupanda na kushuka karibu mita nne, inaonekana kidogo. Lakini sentimita hizo zinakaa juu ya bamvu, si chini yake. Siku bamvu la kusi likikutana na mawimbi ndipo utakapozihesabu, sebuleni.

Usiniambie utajenga ukuta. Ukuta unaokoa ploti moja na kula mchanga wa jirani, na kasa hana pa kutagia. Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa 1593, ilikuwa ikitafunwa na mawimbi hata ikajengewa ukuta wake miaka ya karibuni, na ile imesimama juu ya mwamba. Wewe wa mchanga? Nunua nyuma, mahali palipoinuka. Watoto watatembea kwenda kuogelea.

Mwalimu, sisi vijana wa huku Jomvu tumechoka kuandamana. Kuna sheria inayomtambua mtu ambaye bado hajazaliwa?

Ipo, na iko mahali pa juu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kinataka mazingira hayo yalindwe kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kifungu cha 70 kina utamu zaidi: ukienda mahakamani kwa haki hiyo, si lazima uthibitishe kwamba kuna mtu ameshaumia au kupata hasara. Maana yake unaweza kushtaki kabla mtoto hajanywa sumu.

Majirani zenu wa Owino Uhuru hawakuwahi hiyo "kabla". Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha kazi ukutani mwao, 2007 hadi 2014, risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, ikaingia kwenye hewa, udongo na damu za watoto. Risasi huharibu ubongo wa mtoto na uharibifu huo haurekebishiki. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliamka baada ya mwanawe kuugua. Mwaka 2015 akapata Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka wenyewe, na mkumbuke kwamba waliokuwa watoto wachanga kiwanda kilipofunguliwa sasa ni watu wazima.

Kwa hiyo maandamano msiyaache, lakini muwe na faili. Tarehe, picha, barua mliyopeleka na muhuri wa aliyeipokea, karatasi za hospitali. Kesi ya Owino Uhuru ilisimama juu ya vipimo vya damu na udongo, kelele zilikuja kusaidia.

Bi Mwalimu, jirani yangu Kisauni huchoma taka kila magharibi, pampasi na plastiki zote ndani. Nikimwambia anasema gari la taka haliji.

Gari haliji, hapo hasemi uongo. Lakini moshi wa plastiki ni sumu, na unaoingia mapafuni mwa wanawe ndio huo huo unaoingia kwa wako.

Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitengwe nyumbani, zinazooza mbali na zisizooza. Anzeni na hilo bila kungoja kaunti. Maganda na mabaki ya chakula ni sehemu kubwa ya ndoo ya jikoni. Yafukieni kwenye shimo chini ya mgomba. Chupa wakusanyeni vijana wa mtaa, wanaziuza kwa kilo. Mkishatoa hivyo viwili, kinachobaki ni kidogo, nyumba nne zinaweza kuchanga mkokoteni mara moja kwa wiki. Pampasi ndizo zitakazowashinda, na hazichomwi: zifungeni vizuri ziende na mkokoteni.

Usimwendee magharibi moto ukiwaka, mtagombana. Mwendee asubuhi, na mahamri.